Sheria pamoja na kriminolojia: unasoma nini hasa, na cheti kinakufungulia mlango upi

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam hujaa mabanda ya vyuo vikuu. Kwa mawakala wa vyuo vya nje utakuta mara nyingi kipeperushi chenye picha ya pingu, alama ya kidole na nyundo ya jaji, ingawa majaji wa Uingereza hawana desturi ya kugonga nyundo. Juu yake pameandikwa Law with Criminology. Mzazi anauliza: mwanangu akimaliza atakuwa wakili au mpelelezi? Anajibiwa: chochote atakacho. Ukweli ni kwamba siku atakayovikwa joho hatakuwa wakili wala mpelelezi. Atakuwa na shahada moja yenye taaluma mbili ndani yake, na thamani ya shahada hiyo itategemea taaluma ipi ilipewa nafasi kubwa na nchi gani anataka kufanyia kazi. Kipeperushi hakisemi lolote kati ya hayo.

Tuanze na maneno yenyewe. Sheria, kama somo la chuo kikuu, ni kujifunza kanuni zinazowafunga watu na serikali, na namna mahakama zinavyozisoma kanuni hizo hukumu baada ya hukumu. Sheria ya jinai, yaani ya makosa kama wizi na mauaji, ni kipande kimoja tu. Vipande vingine ni mikataba, ardhi, katiba, fidia kwa aliyeumizwa na uzembe wa mwenzake, na kadhalika. Kriminolojia si tawi la sheria. Ni elimu ya jamii, ndugu wa sosholojia na saikolojia, inayouliza uhalifu unatoka wapi, ni mkubwa kiasi gani, nani anaufanya, nani anaumia, na kama adhabu tunazotoa zinapunguza chochote. Pembeni yake ipo penolojia, inayochunguza adhabu na magereza. Halafu ipo sayansi ya uchunguzi wa jinai, ile ya maabara, damu na alama za vidole. Hiyo haimo kwenye shahada tunayoizungumzia, na ndiyo inayochanganywa nayo kuliko kitu kingine chochote.

Simu moja, madarasa mawili

Chukua tukio la kawaida. Saa moja na nusu jioni, dada mmoja anashuka daladala Buguruni, simu iko mkononi, anamjibu mtu ujumbe. Bodaboda yenye vijana wawili inampitia karibu, wa nyuma anaipokonya simu, wanatokomea. Dar es Salaam watu hao huitwa vishandu.

Darasa la sheria linaanza na swali moja: hili ni kosa gani? Kwa kuwa mwanafunzi yuko Uingereza, atafungua Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 na kukuta wizi una vipengele vitano: kujitwalia, mali, ya mtu mwingine, bila uaminifu, kwa nia ya kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Kipengele kimoja kikikosekana, wizi haupo. Anayechukua simu ya mwenzake mezani akidhani ni yake hajaiba, maana hakukosa uaminifu. Je, wale vijana walitumia nguvu? Hapo mambo yanabadilika kabisa, kwa sababu wizi huko kifungo chake cha juu ni miaka 7, na unyang'anyi ni maisha. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya England iliamua kwamba kupokonya sigara vidoleni mwa mtu bila kuugusa mwili wake ni wizi tu, si unyang'anyi, kwani nguvu haikumfikia mtu mwenyewe. Basi mwanafunzi anarudi Buguruni na kuuliza: simu ilikuwa imeshikwa kwa ulegevu au ilivutwa hadi mkono ukapinda? Kwa asiye mwanasheria swali hilo ni kero. Kwa mshtakiwa ni miaka ya maisha yake. Tanzania nayo ina mistari yake: silaha ikiwepo na vitisho au nguvu vikatumika, kosa linakuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo hakipungui miaka 30.

Kisha ushahidi. Dada anasema amemtambua kijana wa nyuma. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema utambuzi wa kuona kwa macho ni ushahidi wa aina dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Mwanga ulitoka wapi? Alimwona kwa umbali gani, kwa muda gani? Alikuwa akimfahamu kabla? Bodaboda inayokimbia saa moja na nusu jioni haijibu vizuri hata moja ya hayo.

Darasa la kriminolojia halina haja na kijana yule mmoja. Linauliza kwa nini Buguruni, kwa nini saa hiyo, kwa nini simu na si begi. Mwaka 1979 Wamarekani Lawrence Cohen na Marcus Felson walipendekeza kwamba uhalifu wa aina hii hutokea vitu vitatu vinapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu kinachofaa kuibwa, na kukosekana kwa anayeweza kuzuia. Huyo anayeweza kuzuia si lazima awe polisi. Mama ntilie aliyekaa kituoni siku nzima anatosha. Ukiitazama Buguruni kwa jicho hilo, unaanza kuuliza kuhusu taa za barabarani, mahali daladala zinaposimama, na hasa mnunuzi: simu ya wizi inaenda kwa nani? Je, IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, ikifungwa, mwizi anaacha au anaigeuza kuwa vipuri? Kuhama huko, kutoka kosa hadi kosa au mtaa hadi mtaa, kunachukua wiki kadhaa za somo.

Halafu linakuja swali la takwimu, na hapa ndipo ninapoona kriminolojia inaonyesha faida yake waziwazi. Kesho yake dada anataka kurudisha laini yake. Anahitaji taarifa ya upotevu kutoka polisi. Kufungua kesi ya wizi, kupata RB (namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi), kuandika maelezo na kurudi tena kituoni ni safari ndefu, naye anachotaka ni laini. Akisema simu "imepotea", anamaliza upesi. Kwenye vitabu vya serikali, tukio la uhalifu limegeuka kuwa kitu kilichoanguka barabarani. Wataalamu huliita pengo hilo idadi ya giza: makosa yaliyotokea lakini hayamo kwenye kumbukumbu. England na Wales zimekuwa zikijaribu kulipima tangu mwaka 1982 kwa utafiti unaokwenda kwa wananchi wenyewe na kuwauliza mmefanyiwa nini, waliripoti wasiripoti. Mtu aliyesoma hili hababaiki akisikia "uhalifu umepungua". Anauliza kwanza: uliopungua ni uhalifu, au ni kuripoti?

Na alama za vidole kwenye simu ikipatikana? Hizo ni za maabara ya polisi, na vipimo vya DNA ni vya Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayezitaka asome kemia na baiolojia. Kijana wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) aliyejiunga na sheria na kriminolojia akitarajia kuvaa koti jeupe amepanda gari silo.

Mwizi hatambuliwi kwa sura

Kuna dhana nyingine, ya zamani zaidi, kwamba kriminolojia itakufundisha kumsoma mhalifu kwa kumtazama. Dhana hiyo ina baba yake. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu akidai mhalifu huzaliwa hivyo, na kwamba taya, masikio na umbo la fuvu humtangaza. Nadharia ikasambaa dunia nzima. Mwaka 1913 daktari wa magereza ya Uingereza, Charles Goring, akatoa matokeo ya kuwapima wafungwa karibu 3,000 na kuwalinganisha na watu wengine, wakiwemo wanafunzi na askari. Aina ya pekee ya sura ya mhalifu haikupatikana. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza husomeshwa kisa hiki wajue tofauti ya kudai na kupima.

Kupima kwenyewe kunatoa matokeo ambayo hakimu na wakili wangepaswa kuyajua. Marvin Wolfgang na wenzake walifuatilia kumbukumbu za wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia Philadelphia. Wavulana 627 kati yao, kama asilimia 6, ndio waliohusika na zaidi ya nusu ya makosa yote ya kundi zima. Hebu fikiria maana yake kwa msako unaozoa vijana 60 kijiweni siku ya Ijumaa.

Neno dogo katikati ya cheti

Sasa tuingie jikoni. England na Wales, shahada ya kwanza ya kawaida (honours) ni miaka 3 yenye krediti 360, yaani 120 kila mwaka. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa, kwa hiyo somo la krediti 20 ni saa 200. Majina ya shahada yanafanana mno, na hapo ndipo watu huumia. Law with Criminology maana yake sheria ndiye mwenye nyumba na kriminolojia ni mpangaji: sheria huchukua theluthi mbili au zaidi. Law and Criminology huzisogeza mbili hizi karibu na nusu kwa nusu. Criminology with Law ni kinyume kabisa. Mwenye nyumba amebadilika, na cheti mara nyingi kinasomeka BA (shahada ya sanaa) badala ya LLB (shahada ya sheria).

Kwa desturi ya muda mrefu ya vyombo vinavyosimamia mawakili huko, shahada iliyotambuliwa kuwa ya sheria ilitakiwa kuwa na krediti zisizopungua 240 za masomo ya sheria, na 180 kati ya hizo ziwe za masomo 7 ya msingi: mikataba, madhara (ile fidia ya uzembe), jinai, katiba na utawala, ardhi, amana (mali inayoshikwa na mtu kwa faida ya mwingine), na sheria za Umoja wa Ulaya. Kwenye 360 ukitoa 240 zinabaki 120, na humo ndimo kriminolojia inamoishi. Kwenye 240 ukitoa 180 zinabaki 60, yaani nafasi 3 za masomo ya sheria ya kuchagua, kama kila somo ni krediti 20. Zishike nafasi hizo 3, tutazihitaji.

Kwa anayetaka kubaki England, hesabu hii imelegea upande mmoja. Tangu mwaka 2021, anayetaka kuwa solisita, yaani wakili anayeshauri wateja na kuandaa nyaraka, anaweza kuingia kwa shahada yoyote mradi afaulu mitihani ya kufuzu usolisita iitwayo SQE, ambayo hatua yake ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu, na awe na miaka 2 ya kazi inayotambuliwa. Anayetaka kuwa barista, yaani wakili anayesimama mahakamani kutetea, bado anahitaji masomo 7 ya msingi na matokeo yasiyo chini ya daraja la pili la chini. Baada ya hapo hujiunga na moja ya Inn nne za London, vyama vya kale vya mabarista, husoma kozi ya uwakili, kisha hufanya kazi miezi 12 chini ya barista mzoefu. Nafasi hizo za miezi 12 ni chache kuliko wanaozitaka. Wengi hukwamia hapo, wala si darasani.

Anayerudi nyumbani mambo yake ni tofauti. Kenya, sheria ya elimu ya sheria inaorodhesha masomo 16 ya lazima kwenye LLB. Linganisha na yale 7. Mikataba, madhara, jinai, katiba na utawala (Kenya huhesabiwa mawili), ardhi na amana yamo; sheria za Umoja wa Ulaya hazimo. Utafiti wa kisheria na mifumo ya sheria kwa kawaida hufundishwa mwaka wa kwanza. Hayo ni 9. Yanayobaki ni ushahidi, familia na mirathi, biashara, kampuni, ajira, falsafa ya sheria, na sheria ya kimataifa, jumla 7. Nawe ulikuwa na nafasi 3. Waliosoma LLB ya sheria tupu wangejaza zile krediti 120 kwa masomo haya. Wewe umezijaza kriminolojia. Matokeo yake ni kwamba mhitimu mwenye daraja zuri kabisa anaweza kurudi akaambiwa asome kwanza masomo manne au matano yaliyokosekana kabla ya kuruhusiwa kuendelea Kenya School of Law, chuo cha mafunzo ya uwakili. Isitoshe, Kenya huangalia pia matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari: wastani wa C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili. Namna masharti hayo yanavyotumika imepelekwa mahakamani zaidi ya mara moja.

Tanzania, shahada ya nje hupitia kwanza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ili itambuliwe. Kisha inakuja Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu huiita Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Bila hiyo, LLB yako, iwe ya Mlimani au ya Manchester, haikupi uwakili. Na si ya kuingia kwa kubahatisha. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo yake: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26, wenye sapu, yaani wa kurudia baadhi ya mitihani, 342, na waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Tukubaliane au tusikubaliane na sababu zilizotajwa, aliyesoma nje ana mzigo wa ziada. Sheria yetu na ya England ni za ukoo mmoja, na namna ya kusoma hukumu ni ileile, lakini vitabu vyenyewe ni vingine. Amesoma ardhi inayoweza kuwa mali ya mtu daima. Anarudi kwenye nchi ambayo kwa sheria za mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na hati miliki ina ukomo wa miaka 99. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai na Sheria ya Ushahidi zetu hajazigusa. Muda wa kuzigusa ni likizo zake za miaka mitatu, maana akisubiri hadi Law School amechelewa.

Yanayowaangusha wanafunzi

Kosa linalojirudia zaidi ni kuandika kriminolojia kama sheria, au kinyume chake. Swali la sheria ni kisa: Fulani amefanya hivi, mshauri. Jibu lina njia yake: taja hoja, toa kanuni na shauri linaloiunga mkono, ilinganishe na ukweli wa kisa, toa hitimisho. Ukianza kueleza kwamba Fulani alikulia katika umaskini, mwalimu anakata alama. Upande wa pili, ukiulizwa kwa nini vijana wengi zaidi kuliko wazee hupatikana na hatia, ukajibu kwa vifungu vya sheria, hujajibu kitu. Hata tanbihi hazifanani. Sheria hutumia mtindo wa OSCOLA, namba ndogo juu na maelezo chini ya ukurasa. Kriminolojia mara nyingi hutumia Harvard, jina na mwaka katikati ya sentensi. Mtu mwenye kazi mbili za kukabidhi Ijumaa moja huzichanganya, na alama zinazopotea hapo ni za bure kabisa.

La pili ni hesabu. Waliokimbilia sheria kuikwepa hesabu hustuka mwaka wa pili wanapokuta somo la mbinu za utafiti: sampuli, asilimia, uhusiano kati ya vitu viwili, programu ya takwimu. Si ngumu, ila haikwepeki. Anayetaka kuwahoji wafungwa kwa tasnifu yake ajue kuwa kamati ya maadili ya chuo itamzuia kwa miezi, pengine imkatalie. Nyaraka zilizokwisha chapishwa ni njia salama zaidi.

Kazi je? Kriminolojia haikupi upolisi. Polisi Tanzania huajiri kwa utaratibu wake na mafunzo yake huanzia Moshi. Inapolipa ni pale sheria na tabia za watu zinapokutana kila siku: ofisi za mashtaka, TAKUKURU, msaada wa kisheria magerezani, mashauri ya watoto waliokinzana na sheria, maofisa uangalizi wanaoiandikia mahakama taarifa kuhusu maisha ya mshtakiwa kabla ya adhabu, na vitengo vya benki vinavyofuatilia utakatishaji fedha. Kenya ina hata taasisi ya serikali ya kutafiti uhalifu, National Crime Research Centre, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Ila ukitaka uwakili wa Tanzania au Kenya na kriminolojia ni kionjo tu kwako, maoni yangu ni kwamba LLB ya nyumbani ndiyo njia fupi zaidi. Vyuo kadhaa vya ukanda huu vina kriminolojia na penolojia kama somo la kuchagua, na shahada ya uzamili ya kriminolojia inaweza kufuata baadaye.

Kwa aliyekwisha amua kwenda, kazi ya kwanza si kulipia. Omba chuo orodha ya masomo ya miaka yote mitatu pamoja na krediti zake, weka pembeni orodha ya masomo ya lazima ya nchi utakayofanyia kazi, kisha chora mstari chini ya yanayokosekana. Waulize kama nafasi za kuchagua zinaruhusu ushahidi, familia na kampuni, na kama masomo hayo hufundishwa kila mwaka au yanapopata wanafunzi wa kutosha. Halafu kila muhula pakua muhtasari wa kila somo na uutunze, kwa sababu chombo kinachotambua vyeti kinaweza kutaka kuona ulichosoma wiki kwa wiki, na ukishamaliza, akaunti yako ya chuo hufungwa na kurasa zile hazifunguki tena.